Samaki Aliyelazwa Kwenye Tope

Niliolewa Sori, ukingoni mwa ziwa, nikiwa sili samaki. Kwetu Ntimaru tulikula ugali wa wimbi, maziwa ya mgando, na nyama pale ng'ombe alipovunjika mguu. Baba yangu aliwaita samaki nyoka wa majini, na mimi nilimwamini baba katika kila jambo isipokuwa lile la kuolewa. Alitaka nisubiri. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpenda mpishi mmoja Mjaluo, aliyekuja upande wetu akimfuata tajiri wake, bwana shamba Mzungu aliyekuwa akizunguka kukagua mahindi. Nikasema ni huyo au basi. Nikisema basi, huwa ni basi.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Harusi ilipokwisha mume wangu alirudi kazini Homa Bay, akawa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na mimi nikabaki Sori na mama yake. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono iliyonuka moshi na omena, dagaa wa ziwani, tangu Januari hadi Desemba. Desturi ya huko ni kwamba mke mgeni hana meko yake. Anapika jikoni kwa mama mkwe mpaka siku atakayowekewa mafiga yake mwenyewe. Kwa hiyo kutwa nzima tulikuwa wawili katika chumba kimoja chenye moshi. Yeye hakujua Kikuria na mimi sikujua Kijaluo. Tuliongea Kiswahili, yeye chake cha kuuzia omena sokoni, mimi changu cha miaka minne ya shule. Hakuna aliyekuwa na maneno ya kutosha kumtukana mwenzake sawasawa, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa miezi ile ya kwanza.

Hakuniita kwa jina langu. Aliniita nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, na kila aliposema hivyo nilisikia akinionyesha njia ya kwetu. Baadaye nilikuja kujua kwamba huko wake wote huitwa kwa walikotoka, hata bibi vizee waliokwisha kuzika waume. Lakini wakati ule sikujua, na sikuwa mtu wa kuuliza.

Kila mchana aliniwekea mbele yangu sahani ya ngege, samaki wanaopendwa kuliko wote huko. Kila mchana niliisukuma nikavuta bakuli la mboga. Aliichukua akala mwenyewe, taratibu, akinyonya kichwa mpaka mifupa ikang'aa.

"Mtu wa hapa anakula samaki," alikuwa akisema, si kwa ukali, kama mtu anayesema leo ni Jumanne.

"Basi mimi si wa hapa," nilijibu.

Ndipo akaja yule samaki.

Bwana shamba alikuwa amefunga mizigo kurudi kwao kwa kudumu. Wenzake mume wangu waligawana viti, masufuria na makoti. Yeye alichelewa kwa sababu alikuwa jikoni akipika chakula cha mwisho, akaambulia chupa pana ya peremende yenye maji na samaki mmoja ndani. Alisafiri nayo kutoka Homa Bay ameibana katikati ya magoti, na aliposhuka suruali yake ilikuwa imelowa mpaka watu wa kituoni wakamcheka. Alinikabidhi chupa mbele ya mama yake. "Wewe huli samaki," akasema. "Huyu haliwi. Mtapatana."

Alikuwa mdogo kuliko kidole changu cha kati. Mwekundu wa kuiva, na ukimgeuzia mwanga unaona buluu ubavuni, na mapezi yake marefu yaliburuta nyuma kama gauni la bibi harusi. Miaka mingi baadaye niliona picha ya mwenzake kitabuni, nikasoma kwamba anaitwa beta, na kwamba kwao ni mashamba ya mpunga huko mbali Asia. Wakati ule tulimwita samaki wa Mzungu. Maagizo yalikuwa machache. Asiwekwe na dume mwenzake, watauana. Maji yalale usiku kucha kabla ya kumbadilishia. Apewe vitu vilivyo hai.

Mama mkwe aliinama, akamtazama kwa muda, akamtazama mwanawe.

"Umeleta samaki Sori," akasema. Kisha akaenda kugeuza omena zake juani.

Nilimweka kwenye rafu ya nyumba yetu mpya, mahali jua halifiki. Nikaanza kumfugia mbu. Sisemi kwa utani. Nilitega maji kwenye debe nyuma ya nyumba, viluwiluwi wakajaa, na kila asubuhi niliwachota kwa kijiko nikammiminia. Aliwakimbiza mmoja mmoja kwa hasira ambayo sikuitegemea kwa kiumbe wa kimo kile. Nilimpenda kwa hasira hiyo. Katika boma lile lote, alikuwa ndiye pekee mwenye hasira kama zangu.

Siku moja nilikishika kioo cha kunyolea cha mume wangu karibu na chupa. Samaki alijiona. Akatanua mapezi, akafungua mashavu yakawa kola nyeusi, akatetemeka mwili mzima tayari kumrarua yule adui. Nikasikia kitu nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo, akicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ulikuwa mcheko wa msichana, mwembamba, wa juu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri, akijifanya anatafuta ungo au kamba, na mimi nikijifanya siamini kwamba amekuja kuona samaki. Akamtazama zaidi kuliko mimi. Yeye alikuwa amezaliwa mdomoni mwa mto Kuja, na macho yake yalijua samaki kama ya baba yangu yalivyojua ng'ombe. Ndiye aliyegundua kwamba kila baada ya muda alipanda juu, akatoa mdomo nje ya maji, akameza hewa.

"Hii inakunywa hewa," akasema. "Kama kamongo."

Kamongo ni samaki mrefu wa kinamasi, mwenye sura ya nyoka kweli, nami nilipomwona mara ya kwanza sokoni nilisema moyoni baba hakukosea. Anavuta hewa kama mtu. Kinamasi kikikauka hajali. Anajichimbia kwenye tope, anajikunja, analala humo miezi mpaka mvua irudi, na watu wa Kuja humchimbua kwa jembe kama kiazi, yungali mzima. Mama mkwe alinieleza yote hayo kwa mikono zaidi ya maneno.

"Hii na kamongo ni ndugu," akamalizia.

"Mama, huyu ametoka Ulaya."

"Hewa ni hewa," akasema.

Kisha akaja bwana afya. Alikuwa kijana mwenye kaptula ya pasi na kidaftari, akipita boma kwa boma kutafuta maji yaliyosimama, na mimi nyuma ya nyumba yangu nilikuwa na debe zima la watoto wa mbu, nimewalea kwa mapenzi. Nilipomwona anakuja nilikauka. Mama mkwe hakukauka. Alichukua ungo akaliziba debe, akaketi juu yake, akatandaza sketi, akaanza kuchambua mtama. Bwana afya alizunguka, akamsalimu, akamuuliza kama kuna maji yaliyosimama.

"Hapa kuna mimi peke yangu, na nimekaa," akasema.

Alipokwenda, nilicheka hadi machozi. Nilitaka kumwambia asante. Lakini mchana ule ule aliniwekea ngege mbele yangu, nikaisukuma, na asante ikabaki kooni.

Desemba mume wangu hakuja. Tajiri wake mpya alikuwa na wageni wa sikukuu. Ziwa lilirudi nyuma, nyasi zikawa njano, na wale wadudu wadogo wa ziwani wakatujia mawingu kwa mawingu, wakaingia kwenye chai na kwenye nywele. Nilikuwa mpweke hadi nikawa nasikia uchungu wa kimwili, hapa, chini ya mbavu. Niliwaza meko ya mama yangu. Niliwaza baridi ya kwetu asubuhi. Na katikati ya Januari nikamwambia mama mkwe kwamba nakwenda kumwona mama yangu, wiki mbili.

Sikuwa nasema kweli yote. Nilijaza sanduku langu la bati kila nilichokuwa nacho: nguo zote, blanketi, viatu vya kanisani, kitana. Mtu anayekwenda wiki mbili habebi blanketi. Mama mkwe alisimama mlangoni akaniangalia nikikunja. Nilipofunga akauliza.

"Na samaki?"

Nikaiangalia chupa. Nilikuwa nimekwisha kuwaza jambo hilo usiku na sikupata jibu. Basi hadi Migori, kisha lori, kisha kwa miguu kupanda. Asingefika.

"Nakuachia," nikasema. "Nitarudi kumchukua."

"Utarudi," akasema. Sikujua kama aliuliza au alithibitisha.

Kwetu mama yangu alinipokea na swali moja, nikiwa bado sijatua sanduku. "Umetembea au umerudi?" Alitaka kujua kama nimekuja kusalimia tu au nimeacha ndoa, na kwa siku tatu sikumjibu. Nilikula wimbi, nilikunywa maziwa, nililala kama mtoto. Hakuna aliyeniwekea samaki mbele. Lakini kila jioni nilijikuta nawaza kama kuna aliyemchotea viluwiluwi, na kama debe halijakauka na jua lile, na kama mama mkwe anakumbuka kulaza maji. Wiki ya tatu ilipoanza nikamwambia mama nimetembea.

"Unarudi kwa mumeo?"

"Narudi kuangalia samaki."

Mama aliniangalia kana kwamba ameona homa usoni mwangu. "Samaki usiyemla?" Lakini alinifungia unga wa wimbi, na baba akanisindikiza hadi barabarani. Sioni aibu kusema hivi: nilirudi Sori kwa sababu ya samaki mwenye kimo cha kidole. Nilijiambia nitamchukua, au nitakaa naye, nitaamua nikifika. Kwa kuwa alikuwepo, kulikuwa na jambo la kuamua.

Nilifika alasiri. Chupa ilikuwa kwenye rafu, imeoshwa, imepinduliwa, imekauka.

"Yuko wapi?"

Mama mkwe alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, kivulini. Kulikuwa na chungu kidogo, kimejaa tope lililoanza kupasuka juu.

"Amelala," akasema. "Aliacha kula. Rangi ikaisha. Akalala chini. Hiyo ni jua, inaita yeye alale. Mimi nilienda Kuja, nikaleta tope ya kamongo, tope nzuri. Nikamlaza. Mvua ikikuja ataamka."

Alisema hayo kwa fahari ya mtu aliyeokoa mgonjwa. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakalia. Kiswahili changu chote kikanitoroka, nikampigia kelele kwa Kikuria, maneno ambayo mama yangu angenizaba kibao kwa kuyasema mbele ya mtu mzima. Nilimwambia amemzika samaki wangu akiwa hai. Nilimwambia alitaka tangu siku ya kwanza kunitoa, sasa amefaulu. Alisikiliza kila neno na hakuelewa hata moja. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Chai iko."

Ningeweza kukivunja chungu siku ile ile. Sikukivunja, kwa sababu nilitaka akivunje yeye. Nilipanga vizuri kabisa. Ningengoja mvua. Angemwaga maji yake, angengoja, angeona kwa macho yake mwenyewe alichokifanya, na mimi ningeyatamka maneno niliyokuwa nimeyachagua, kwa Kiswahili safi, ili asikose hata moja. Kisha ningebeba sanduku langu. Kwa hiyo sikulipakua. Nililiweka karibu na mlango, na kila asubuhi nilitoa nguo moja na jioni nikairudisha.

Februari yote tuliishi hivyo. Nilipika nikiwa kimya, nikachota maji nikiwa kimya. Mume wangu alikuja siku mbili, akatutazama mmoja mmoja, akaona heri arudi kwa tajiri wake. Mama mkwe hakukasirika. Alikuwa na kazi yake. Alihamisha chungu kivuli kilipohama. Aliwafukuza kuku. Jirani mmoja alipotaka kukiazima chungu, alikataa kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia. Na nikisema kweli, kuna asubuhi nilipita pale nikainama, nikatega sikio. Sehemu yangu moja ndogo, ya kijinga, ilitaka awe ndiye aliye sahihi.

Mvua ilianza mwezi wa tatu, alfajiri, kwanza kwenye bati la kanisa ng'ambo ya njia, kisha juu yetu. Niliamka nikavaa nguo za safari. Nikasimama mlangoni pa nyumba yangu na maneno yangu tayari.

Alikuwa kwenye chungu kabla yangu. Alikuwa amekitoa kivulini akakiweka katikati ya ua, akachuchumaa mbele yake bila kujifunika. Mvua ilimpiga mgongoni. Maji yalijaa chunguni, tope likawa uji. Akangoja. Mimi nikangoja mlangoni. Baada ya muda mrefu akaanza kugonga ubavu wa chungu kwa ukucha, tik, tik, tik, kama nilivyokuwa nikigonga chupa kila asubuhi ninapomletea chakula. Sikujua kwamba aliwahi kunisikia nikifanya hivyo. Aligonga, akainama kutazama, akagonga tena. Kisha akaingiza mkono, akaanza kulipekua tope kwa vidole, polepole, akilisaga bonge kwa bonge kiganjani, kama mtu anayetafuta sindano kwenye unga.

Hakupata kitu. Kiumbe kile kilikuwa kidogo mno. Kilikuwa kimekwisha kuwa tope.

Nilimwendea. Maneno yalikuwa mdomoni, yote, kwa mpangilio. Nilipochuchumaa mbele yake nikamwona uso, na nikashindwa kuyatoa.

"Haijaamka," akasema.

"Haiwezi, Mama. Haikuwa kamongo."

"Najua." Akaufuta mkono wake kwenye sketi, ukazidi kuwa na tope. "Ilikuwa inakufa. Wewe ulienda, siku ya nne ikalala upande. Mimi naona samaki kila siku. Samaki inakufa, mimi najua."

"Sasa tope ya nini?"

Mvua ilikuwa kubwa hadi ikabidi nisogeze sikio.

"Ulibeba blanketi," akasema. "Ulibeba viatu ya kanisa. Ulibeba yote, uliacha samaki peke yake. Nikasema, nyar Ntimaru anarudi kwa sababu ya hii. Ikikufa, harudi tena. Kamongo inangoja mvua. Nikasema labda na hii inaweza kungoja. Ningoje pamoja na hii." Akainua macho, akaangalia nyuma yangu, mlangoni, lilipokuwa sanduku langu la bati. Alikuwa amelipita hapo kila siku tangu niliporudi. "Sasa imekufa. Utaenda?"

Nilikuwa nalia, lakini kwa mvua ile hakuna aliyeweza kuniona, au ndivyo nilivyojidanganya.

"Na mvua hii, Mama," nikasema, "niende wapi?"

Mvua ilikatika kabla ya saa sita. Jua likatoka, njia ikakauka. Nikachukua mtungi nikaenda ziwani kuchota maji.